Mahindi ya Uani

Jumanne

Wala sikuongea kwa ukali. Niliamkia kwanza, kisha nikamwomba mtendaji wa kata atuonyeshe sheria inayokataza mahindi nyuma ya nyumba yetu, maana karatasi ya faini haikutaja kifungu chochote.

Akamgeukia mama. "Mama, umeniletea wakili mwenye sweta ya shule?" Ofisi nzima ikacheka.

Hata hivyo nikasema kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Sentensi hiyo nilikuwa naifanyia mazoezi tangu Jumapili.

Akaniuliza nasoma shule gani. Nikamjibu kwa adabu, mjinga mimi. Akaliandika jina la shule kwenye faili letu, polepole, mama akitazama.

Hapo mama akachukua kalamu asaini fomu iliyokuja na karatasi ya faini. Fomu ile ni ya kukiri kosa, na ukishasaini huwezi kupinga tena. Nilimweleza njia nzima kutoka nyumbani Msamala.

"Mama, usisaini."

"Nyamaza, Skola."

Akasaini, akamwomba mtendaji radhi kwa ajili yangu. Radhi ya nini?

Jioni tuliyang'oa mahindi wenyewe, ndiyo kwanza yameanza kubeba. Nilikuwa nimemkasirikia mama kuliko nilivyomkasirikia yule mtendaji.

"Mahindi tutapanda tena shamba la bibi," akasema bila kuniangalia. "Wewe wakikufukuza shule, nikupande wapi?"

Na hiyo sheria, mpaka sasa hatujaonyeshwa.