Dhahabu Iliyobaki Nyumbani

Jumatatu, 4 mwezi wa tisa

Malachie ameondoka asubuhi kwa pikipiki ya Aruna, dereva wa hapa kwetu. Beni kwanza, halafu Mangina, halafu shimo la dhahabu kule Mabalako. Nilimwambia barabara ile inakula watu. Mume wangu huyo, akacheka. Eti amelima maharagwe tangu utoto na paa bado linavuja. Ameacha shati yake ya bluu msumarini, ile niliyomshonea mwenyewe.

Tumbo linachafuka tangu juzi. Hasira tu, nadhani.

Alhamisi, 7

Si hasira! Nimeenda kituo cha afya. Tamar, muuguzi, amenipa kipimo cha mimba, kile kijiti cha karatasi. Mistari miwili — miwili! Baada ya miaka yote hii ya mama mkwe kuniangalia tumbo bila kusema neno. Nimelia pale pale kwenye benchi.

Tamar hajui kunyamaza, akaanza somo. Je, najua ule wekundu wa mistari ni kitu gani?

— Ni zahabu, maman. Banaifanya vipande vidogo sana, kupita hata vumbi, mpaka inaacha kuwa jaune, inakuwa rouge.

Eti njano inageuka nyekundu, na hiyo ndiyo nanoteknolojia. Mimi nano naijua ya SIM tu, ile kadi ikianguka unatambaa chini kuitafuta. Anasema hata vipimo vya malaria vingi viko hivyo. Kumbe nimekojolea dhahabu, na mume wangu ameinama shimoni kuitafuta!

Nimepiga picha ya kijiti, nimemtumia kwa WhatsApp. “Rudi. Dhahabu iko hapa nyumbani.” Alama moja tu, haijamfikia. Kule réseau ya simu ni shida. Sijamwambia mtu mwingine. Baba wa mtoto ajue kwanza.

Jumapili, 10

Misa. Bado alama moja. Kijiti nimekiweka mfukoni mwa shati ya bluu, akivaa tu akipate.

Ijumaa, 15

Aruna amekuja. Amesimama mlangoni, kofia mkononi. Niliona ile kofia nikajua.

Watu wa msituni, wale wenye bunduki, waliingia shimoni juzi. Waliokimbia wamefika Mangina. Waliokufa wamezikwa kule kule. Aruna ameuliza kila mahali: Malachie hayumo kati ya hawa wala wale. Simu yake imezimwa.

Mama mkwe ameketi chini. Hakulia. Hilo limeniogopesha kuliko habari yenyewe.

Jumatatu, 18

Namwandikia kila siku. Alama moja.

Jumatano, 20

Mama mkwe amekaa na wazee wa ukoo. Mwili usipopatikana, sisi Wanande tunakata mgomba, tunaufunga ndani ya nguo ya mtu, tunauzika. Bila hivyo anatangatanga, hana pa kulala. Najua. Baba yangu mdogo alizikwa hivyo. Lakini mgomba ukishaingia ardhini, mtu amekufa. Hata akirudi kwa miguu yake, watoto watamkimbia.

Nimekataa. Nikasema nina mimba. Nilidhani itawazuia.

Mama mkwe akaniwekea mkono tumboni, mara ya kwanza tangu niolewe. Mkono wa baridi.

— Njo maana, binti yangu. Iyi mutoto ataniuliza baba yake iko wapi. Nitamuonyesha nini?

Sikukataa tena. Nina uchungu, na hasira naye sina. Malachie ni mtoto wake.

Jumamosi, 23

Shimo liko tayari nyuma ya nyumba, kwenye shamba la kahawa. Mgomba wameukata alfajiri. Mama mkwe anauosha kwa maji ya moto, polepole, huku akiuita kwa jina la Malachie. Sasa ndiyo analia.

Wanasubiri shati. Nimeingia kuichukua. Kijiti bado kimo mfukoni, mistari yote miwili. Nilitaka kumwandikia neno la mwisho kabla ya kuitoa. Nikafungua simu.

Alama mbili.

Kwenye picha, kwenye kila nilichoandika. Za kijivu, si za bluu. Zimefika, hazijasomwa. Simu imewashwa. Na nani? Yeye? Au mwizi wake? Au aliyeiokota kando ya —

Nimepiga. Inaita. Hakuna anayepokea. Napiga tena, naandika huku simu iko sikioni.

Mama mkwe yuko nyuma ya mlango. Sauti yake imekauka.

— Binti yangu, leta shati. Batu banangoja.

Shati iko magotini. Simu bado inaita.