Wanaotafutwa, Sanduku la Saba

Jumapili, 5 Oktoba 1958

Nisamehe, daftari. Tangu Pasaka sijakugusa. Mwanangu Calvin anaota magego, mume wangu Roscoe kabadilishiwa zamu kiwanda cha chuma. Siku hizi hata kuchana nywele ni sherehe.

Ila nimepata kazi! Asubuhi tatu kwa wiki, maktaba ya kanisa. Napiga chapa orodha ya karatasi za marehemu Hezekiah Tolliver — mweusi mwenzetu aliyechapisha gazeti hapa Cleveland utumwa ulipokwisha tu. Masanduku kumi na moja. Vumbi tupu. Bi Pettiford, mkutubi, kaniruhusu nije na Calvin. Akilia, kasema, tutamwandika orodhani kama mali ya marehemu.

Mshahara wa kazi hii ni kodi ya chumba cha pili. Chumba cha pili ni Vonetta kurudi. Binti yangu yuko Alabama kwa Mama tangu daktari aliponilaza kwa mimba ya Calvin. Alikuwa na miaka mitatu. Nilisema miezi miwili tu. Mwaka na nusu sasa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sanduku la saba. Barua za kina mama waliotafuta watoto wao waliouzwa. Tolliver alizitoa gazetini, wachungaji wakazisoma mimbarini, kanisa kwa kanisa.

Mmoja, Dorcas, mchungaji wake ndiye kamwandikia barua kwa niaba yake, mwaka 1867. Anamtafuta bintiye Easter. Miaka minne, kovu juu ya nyusi ya kushoto, anaogopa bata mzinga. Nikasoma mpaka chini — aliuzwa 1849! Easter alishakuwa mwanamke wa miaka ishirini na miwili. Mama yake bado anatafuta mtoto wa minne.

Jibu nimelitafuta sanduku zima. Hakuna.

Nikamuuliza Bi Pettiford, umri niuandikeje? Chapa kama ulivyo, mwanangu, kasema. Usimsahihishe mama wa mtu.

Jumanne, 14 Oktoba

Kifurushi kimerudi kutoka Alabama. Vile viatu vyekundu nilivyomtumia Vonetta! Mama kaandika: havipiti hata kisigino, wewe unamnunulia mtoto gani? Tena: kashanizoea, mwache asomee huku. Huko kwenu baridi, na una mwingine mgongoni.

Nimekaa navyo mapajani. Nilinunua kwa kipimo cha mguu niliouacha.

Mimi mtoto wangu hakuna aliyemuuza. Nilimpeleka kwa mikono yangu hii. Basi hii hii imrudishe.

Roscoe anasema ukimbishia mama yako atakuja na fagio. Aje nalo. Kuna pa kufagia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Chumba cha pili tumepata! Dirisha moja, linabana, lakini linafunguka. Kesho baada ya ibada namwandikia Mama. Najaribia hapa kwanza, nisije nikaloanisha karatasi nzuri.

Mama, umenilelea, na Mungu anakuona. Sigombani nawe. Ila Vonetta anarudi kabla ya sikukuu ya Shukrani mwezi ujao, nami nakuja kumchukua mwenyewe. Kwa sasa naomba unitumie:

Miguu yake, yote miwili, ichorwe kwa penseli kwenye karatasi. Asimame wima, asikunje vidole.

Urefu wake kwa uzi, kisigino mpaka utosini. Ukate pale pale, usiongeze.

Jino lililong'oka, kama limeshang'oka, na kama ulilitunza.

Anachoogopa siku hizi.

Na ananiitaje, anaponitaja. Kama hanitaji, Mama, usinifiche.