Picha ya Nanga

Tarehe 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila goti la Mama linamsumbua kwenye ngazi. Habari za huko karakana ya boti?

Nanga uliyonishauri nimeinunua: ile ya mabawa mapana, maana hapa petu chini ni tope tupu. Mnyororo mita sita, kisha kamba. Nimeuosha kwa maji ya bomba, nikaupaka rangi ya fedha pingili kwa pingili. Hata ile pingu inayoushika kwenye nanga, pini yake nimeikaza kwa mkono wangu. Picha hiyo hapo.

Tarehe kumi na saba Mama anatimiza miaka sabini. Nitampeleka ghubani kwa boti yangu apunge upepo.

Ila nakuomba, safari hii usinikosoe. Tangu utotoni nikifanya hivi, kwako ni "lakini". Nikifanya vile, "lakini". Ukinitumia "lakini" nyingine, basi tusiandikiane tena.

Mdogo wako


Tarehe 10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna vidole. Mkande Mama hilo goti, na umwambie apunguze ukaidi.

Picha nimeitazama mara nyingi. Nanga inapendeza, umechagua vizuri. Sina neno. Mbusu Mama kwa niaba yangu.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada,

Mama tumemzika jana. Kwenye simu ulilia nikashindwa kukueleza, kwa hiyo naandika.

Tulitia nanga, mimi na mke wangu tukashuka kuogelea, Mama akajilaza ndani. Upepo ukageuka. Tulipoinua vichwa boti ilikuwa inakwenda zake kwenye miamba. Niliogelea mpaka pumzi ikaniishia, sikuifikia kabla haijapasuka.

Mnyororo tuliukuta unaning'inia, mzima wote. Pini ya pingu ilijifungua yenyewe, nanga ikabaki topeni. Fundi wa hapa anasema pini hufungwa kwa waya isijifungue, na kila mtu wa boti anajua. Mimi sikujua. Wewe kufunga nanga za watu ndiyo kazi yako. Kwenye picha hukuona?

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi.

Niliona. Niliona pini haina waya kabla hata ya kuona rangi. Nilikuandikia kurasa mbili, nikazichana. Nilichoka kuwa dada mbaya. Nikajidanganya kwamba ghuba ile imetulia, haitakuwa neno.

Wewe hukujua. Mimi nilijua, nikanyamaza ili unipende. Waambie wote hapo nyumbani, usinisitiri.

Dada yako