Mshale wa Saa Nne

Jumatano, 4 Juni

Bia ya ulezi imetulia. Machicha yamebaki chini ya ndoo. Wanjara, mke wa mwanangu, ameihamishia kwenye pipa la chuma bila kumwaga tone. Pipa limesimama ndani ya friji tuliyoitoa rafu.

Mama yangu aliiacha pombe ichachuke yenyewe mtungini. Wanjara huitia povu kwa gesi ya soda. Alijifunza Mwanza. Siipendi habari hii, lakini nimeahidi. Jumamosi kaka yangu Mgaya atakuja kutoka Buswahili na wazee wawili kuionja. Wakiridhika, chumba cha mbele ni cha Wanjara, auzie bia hapo. Wasiporidhika, nampa fundi cherehani aliyekiomba.

Alhamisi, 5 Juni

Wanjara ameitwa Bunda. Mama yake ana homa. Ameacha karatasi juu ya friji: "Baba, kesho asubuhi bia ikishapoa unafungulia gesi. Mshale wa geji unakaaga saa nne. Usiguse tena mpaka nirudi."

Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Miaka thelathini na minne darasani haifutiki. "Unakaaga" si Kiswahili. Nimeandika "hukaa". Tena geji, kipimo cha presha ya gesi, si saa. Nimekata "saa", nikaandika "namba".

Ijumaa, 6 Juni

Nimefungua gesi. Mshale nimeupeleka kwenye namba nne, mwisho kabisa wa geji. Pipa lilinguruma, likanyamaza. Kazi rahisi. Sijui vijana hujivunia nini.

Alasiri friji inapiga mluzi mwembamba. Sikuigusa. Imeandikwa nisiguse.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu.

Wanjara alifika wageni wakiwa wamekwisha kukaa. Nilimwamuru afungue bomba papo hapo. Povu tupu. Jagi la kwanza povu, la pili povu, la tatu likaruka hadi kwenye koti la kaka. Akajipangusa kidevu. "Mwalimu, umetuita kunywa au kunyolewa?" Wazee wakacheka hadi wakakohoa.

Nilikasirika. Nilisema mbele yao kwamba mtu asiyeweza kuandika sentensi moja sahihi hawezi kupika bia. Nikasema chumba ni cha fundi.

Wanjara alipiga goti, akakusanya vikombe. "Sawa, baba." Basi.

Jumapili, 8 Juni

Nimerudi kanisani, nikaketi sebuleni. Nikatazama saa ya ukutani. Saa nne kamili. Mshale mfupi umeelekea kwenye kumi, juu kushoto.

Nilikwenda kwenye friji. Geji ni duara kama saa. Pale juu kushoto, mahali pa mshale wa saa nne, pameandikwa moja. Si nne. Alimaanisha mahali, nami nikasoma tarakimu. Neno alilolitumia lilikuwa sahihi, nami ndiye niliyelikata.

Gesi ilikuwa imefungwa. Wanjara amekuwa akiivuta valvu ya pipa kidogo kidogo tangu jana, presha ipungue. Karatasi imekunjwa vizuri, wino mwekundu ndani. Aliiona. Hakuniambia mimi wala mume wake.

Sikula mchana.

Jumatatu, 9 Juni

Nimempigia kaka simu, nikamweleza. Alicheka kwanza. Kisha akasema kwamba mkwe aliyetukanwa barazani haombwi radhi kwa simu wala jikoni. Watarudi kesho, niseme mbele ya masikio yaleyale.

Nimewahi kuwachapa wanafunzi kwa makosa madogo kuliko hili. Naogopa.

Jumanne, 10 Juni

Walikuja. Nilisimama na karatasi mkononi. Nilisema: Wanjara aliandika saa nne, mimi nikakata, bia niliiharibu mimi, na maneno ya Jumamosi nayarudisha kinywani mwangu. Mzee mmoja alitazama chini.

"Kumbe mwalimu hajui kusoma saa," alisema kaka. Wanjara akafunika mdomo kwa kanga. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akicheka mbele yangu.

Kisha akafungua bomba. Bia ilitoka nyekundu kama chai ya rangi, povu vidole viwili. Walikunywa hadi vikombe vikaisha. Kaka akasogeza chake mbele, apewe tena.

Nimempa Wanjara ufunguo wa chumba cha mbele. Ameupokea kwa mikono miwili.

Karatasi nimeirudisha juu ya friji. "Hukaa" nimeiacha. "Saa" nimeiandika upya, kwa wino wa buluu.