Swichi ya Kiti cha Mama

Newala, 19 Mei 2024

Shemeji Fikirini,

Assalaam aleikum. Natumaini hujambo, wewe na wanao hapo Masasi, na gereji inakwenda. Huku sisi wazima, ila maji bado ni ya kununua kwa ndoo, na Mama nyonga zinamsumbua tangu baridi ianze. Dada yako Somoe anakusalimu, anasema umemsahau.

Ningekupigia, lakini nyumba yetu ndogo na Mama anasikia kila neno, na jambo lenyewe linamhusu yeye. Lile gari nililonunua ni mtumba wa nchi za baridi, lina swichi za kupasha viti joto. Mimi hata habari nazo sikuwa nazo. Sasa kila nikimteremsha Mama kliniki ya presha hapo Masasi, akishashuka nikainama kuchukua kapu lake, nakuta taa nyekundu inawaka na kiti kinachoma kama kikaango. Nazima. Tukirudi Newala nakuta imewaka tena.

Naogopa siku moja itamuunguza, au gari zima lishike moto. Kumuuliza kama anasikia joto siwezi. Wewe ni mwanawe, mimi ni mkwe, nitaanzaje kumtajia mama mkwe habari za makalio yake? Hata kiti cha mbele alikikataa, Somoe akambembeleza kwa sababu nyuma miguu haikunjiki. Njiani yeye anatazama dirishani, mimi natazama barabara, mpaka tunafika. Nishauri, wewe ndiye fundi umeme.

Shemeji yako,
Faridi


Masasi, 20 Mei 2024

Shemeji Faridi,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo, tunakula vumbi tu. Mwambie Somoe sijamsahau, nimesahau nauli.

Wewe umenunua gari la watu wa theluji, halafu unashangaa linakupa joto. Hizo swichi zinakaa karibu na breki ya mkono. Mtu akiweka kapu juu yake inabonyea, na vumbi likiingia inakwama. Chomoa kifuniko taratibu, safisha kwa spiriti na mswaki wa zamani. Somoe amwambie Mama kapu aweke miguuni. Isipopona, lete gari.

Mama mwambie nakuja kumwona. Malori ya ufuta yamejaa hapa hata pa kukanyaga hakuna. Yakipungua tu, napanda Newala.

Shemeji yako,
Fikirini


Newala, 2 Juni 2024

Shemeji Fikirini,

Assalaam aleikum. Hatujambo, na Mama hajambo kwa kiasi chake. Pole na malori.

Nimesafisha kama ulivyosema, kapu linakaa miguuni, na swichi bado inajiwasha. Cha ajabu, Somoe alikaa kiti kilekile kutwa nzima, haikuwaka. Nikimbeba jirani haiwaki. Ni kwa Mama tu. Labda kanga yake inanasa mahali. Alhamisi namleta kliniki. Akiwa kwenye foleni nitakuletea gari, ulimalize jambo hili kabla halijaleta msiba.

Shemeji yako,
Faridi


Masasi, 7 Juni 2024

Shemeji Faridi,

Assalaam aleikum. Natumaini mlifika salama. Jana sikukueleza vizuri kwa sababu ulirudi na Mama, na mbele yake ulikuwa hutaki tulitaje.

Swichi niliifungua, sikuona kasoro. Ya upande wako ile alama ya kiti bado inaonekana vizuri, ya upande wa Mama imefutika kabisa, nikasema basi hii imechakaa. Nimekata waya chini ya kiti na kuufunga tepu. Swichi nimeirudisha, ikae kama pambo. Hata ibonyezwe kutwa, kile kiti hakipati joto tena.

Mama yetu ana vituko. Nilimwambia, “Gari la mkwe wako nimelitibu, halitakuunguza.” Akaniuliza, “Kwani lilikuwa linaumwa?” Ulipokwenda kufungua mlango akanivuta mkono: “Fikirini, njoo nyumbani. Nina neno na wewe.” Nikamwambia alitoe hapohapo. Akakuona unakaribia, akaniachia mkono. Mimi najua ni yale ya mikorosho ya marehemu Baba, anataka tugawane. Mwambie Jumamosi nakuja.

Shemeji yako,
Fikirini


Newala, 14 Julai 2024

Shemeji Fikirini,

Assalaam aleikum. Natumaini uko mzima, maana Jumamosi zinapita hatukuoni. Sisi huku siyo wazima sana.

Mama amekataa kliniki. Siku ile tuliyotoka kwako, tulipofika nyumbani hakuweza kusimama, ikabidi Somoe na jirani wamshike huku na huku. Tangu hapo, kliniki ikifika anasema barabara imekuwa ndefu. Nimemnunulia mto wa kukalia, ameshukuru, ameuweka kitandani. Dawa zimekwisha. Nimenunua nyingine dukani, lakini daktari alisema bila kumpima presha ni kubahatisha. Na ukungu wa huku unaujua, asubuhi huoni hata ua wa jirani, na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa.

Kila Jumamosi anauliza kama umepanda basi. Nilimpa simu akupigie. Akasema neno lake si la kusemea kwenye simu ya mkwe. Somoe amemuuliza, hasemi. Njoo shemeji, hata kwa kutwa moja. Wewe atakusikiliza.

Shemeji yako,
Faridi


Masasi, 15 Julai 2024

Shemeji Faridi,

Waaleikum salaam. Nisamehe, nimezidiwa. Kuna lori limefunguliwa dashibodi yote na mwenyewe amekaa hapa juu ya ndoo ananitazama. Mlazimisheni Mama aende kliniki, asilete utoto. Mwambie mikorosho haikimbii, tutaongea. Jumamosi ya wiki ijayo nipo hapo, safari hii kweli.

Shemeji yako,
Fikirini


Newala, 8 Septemba 2024

Shemeji Fikirini,

Assalaam aleikum. Natumaini ulifika salama baada ya arobaini ya Mama. Sisi tupo, tunaishi tu. Nyumba imekuwa kubwa.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima, nikitafuta namna ya kukuficha. Nimeshindwa, kwa sababu ni lako kama lilivyo langu. Ulipoondoka, Bi. Zabibu, shoga yake Mama, alikuja kuaga. Akaniuliza kwa nini tulikata joto la kiti. Nikamwambia swichi ilikuwa mbovu. Akashika kichwa.

Shemeji, haikuwa mbovu. Mama ndiye aliyekuwa akiibonyeza, kwa kidole, chini ya kanga. Joto lile likimshika nyongani ndipo alipoweza kukaa mpaka Masasi. Alimwambia Bi. Zabibu akicheka, “Mkwe wangu kanipa jiko la kukalia, na mwenyewe hajui.” Aliona haya nisije nikajua. Na mimi niliona haya kumtazama. Haya zetu wawili ndizo zilizomfikisha pale.

Siku ile ya kurudi kutoka kwako nilisikia kitu kinalia tk, tk, karibu na breki ya mkono. Kililia njia nzima, mpaka tunapanda mlima. Nikadhani ni kokoto. Sikugeuka, kwa heshima. Alikuwa anabonyeza, shemeji. Alibonyeza mpaka Newala.

Na lile neno halikuwa la mikorosho. Bi. Zabibu alitaka kuja kuniambia, Mama akamkataza. Akasema, “Aliyekata ni mwanangu, nitamwambia mwenyewe akija. Auunge ule waya, amdanganye mkwe wangu lolote.” Kiharusi kikamwangusha Jumanne, kabla ya Jumamosi yako.

Somoe nimemwambia. Amelia, nami nimelia naye. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekuomba ukate.

Shemeji yako,
Faridi


Masasi, 22 Septemba 2024

Faridi, ndugu yangu,

Salamu zimenishinda leo. Niambie tu Somoe anaendeleaje.

Sikukujibu kwa sababu kila nikianza nafuta. Asante kwa kuleta gari jana na kuniachia bila kuniuliza kitu. Nimelifungua leo, gereji ikiwa imefungwa.

Ile alama iliyofutika niliiona kwa macho yangu, nikakuandikia kabisa. Kazi yangu ni hii. Usukani, kitasa, swichi ya taa, alama inafutika pale mtu anaposhika kila siku. Nililiona hilo nikasema uchakavu. Kilikuwa kidole cha mama yangu, na mimi nikampa pambo la kubonyeza.

Waya nimeuunga. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Ndiyo kazi yote aliyokuwa ananiitia, na mimi nikamjibu mikorosho haikimbii.

Nilipomaliza nikakaa kwenye kiti chake, nikafunga mlango, nikabonyeza. Jua la hapa unalijua. Joto lilianza chini, likapanda polepole mpaka nyongani, likatulia hapo. Ni zuri, Faridi. Jasho lilinitoka na sikuweza kuizima. Nililia kama mtoto.

Gari usilifuate. Nalileta mwenyewe, unionyeshe njia ya kwenda kaburini, siku ya mazishi nilikuwa siioni. Jumamosi hii nakuja.

Shemeji yako,
Fikirini