Mwanamke Mwenye Jina Langu

Pioneer, Eldoret
Jumapili jioni, Julai

Mpendwa mdogo wangu Selpha,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka kwenye baridi ya Eldoret. Julai ya mwaka huu imetukalia vibaya, hata mtu akikusalimia asubuhi unauona mvuke kabla ya kusikia neno. Natumaini huko Narok uko salama, unakula vizuri, na kile kifua chako cha utotoni hakikusumbui tena. Sisi ni wazima. Baba analalamikia magoti, lakini ukimwambia apumzike anakasirika, kwa hiyo tumeacha kumwambia.

Anwani yako nimeipata kwa Emmaculate, yule tuliyeimba naye kwaya. Alikuona kanisani huko, akaja kuninong'oneza kana kwamba ameona malaika. Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu ungekata kabla sijafika ninapotaka kufika. Tafadhali soma hadi mwisho. Siandiki kwa hasira.

Labda hujui kwamba siku hizi nafanya kazi katika ofisi inayotafutia familia watu wa kulea watoto na kutunza wazee. Kazi yangu ni kuwachunguza wanaoomba. Naangalia cheti cha mwenendo mwema, napigia simu waliowahi kuwaajiri, halafu natafuta kwenye kompyuta kama jina lao limewahi kufika mahakamani. Ni kazi ya ajabu, Selpha. Mtu ameketi mbele yako na sweta yake safi, anakuambia anapenda watoto, na wewe tayari umeona kwamba aliwahi kushtakiwa kwa kuuza chang'aa, ile pombe haramu. Mama mmoja anayeitwa Rael aliniuliza ile kesi yake itazeeka lini. Nilimwambia sijui. Aliniaga vizuri sana, akaenda, na siku nzima nilikuwa namsikia.

Mwezi uliopita mkubwa wetu, Madam Chepkoech, alisema si haki kuchunguza watu wa nje na kujiacha sisi wenyewe. Wote tukakubali, tena kwa kicheko. Mchana akaniita, akafunga mlango. Akageuza kompyuta kwangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Linah, hii ni nini?"

Lilikuwa jina langu lote, Linah Nangila Lusweti, na namba ya kitambulisho changu. Kwamba nilishtakiwa kwa wizi dukani, katika mji mmoja ambao sitautaja hapa. Kwamba nilikubali kosa, nikafungwa mwezi mmoja. Nilicheka, Selpha. Halafu nikaona Madam hacheki. Alisema ananiamini, lakini hawezi kuniacha kwenye meza ile hadi alama zangu za vidole zijibu. Akaniambia nibaki nyumbani kwanza.

Siku zile zilipita kama ndoto, sijui nikuelezeje. Ukungu ulikuwa unashuka Pioneer hadi huoni nyumba ya jirani, bodaboda zinapita ndani yake kama sauti tu. Nami nilikuwa nikimwaza yule mwanamke. Nilitembea hadi mtoni Sosiani nikimwona ng'ambo, amesimama, amevaa jina langu kama koti la kuazima. Nilijiuliza kama linambana mabegani. Walipomwita asubuhi gerezani, "Nangila!", aliitikia haraka, au alisahau kwanza? Usiku niliota ananiletea chai, tunakunywa pamoja bila kusema kitu, na mvua inanyesha ndani ya nyumba lakini hatuloi. Nilipaswa kumchukia. Sikuweza. Nilikuwa nikiamka na kumtafutia kikombe.

Basi nikaenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Majibu yalipokuja, nilipokewa na ofisa mmoja mpole aitwaye Jepchumba. Aliniambia nishukuru Mungu, kwa sababu vidole vya aliyefungwa si vyangu. Mtu alikamatwa akiwa na kitambulisho changu, akaulizwa kama ni chake, akasema ndiyo. Nikakumbuka kitambulisho kilichopotea mwaka Mama alipougua, nilichodhani kilianguka sokoni nikatoa kingine. Jepchumba akaniuliza kama nataka kuona picha, huenda nikamtambua.

Selpha, ulikuwa umekonda.

Nywele ulikuwa umezifunga kwa kitambaa, na ulikuwa unaangalia pembeni, vile ulivyokuwa ukiangalia Mama akikugombeza. Nilikaa. Jepchumba akaniletea maji. Nadhani nilishajua tangu Madam alipogeuza kompyuta, ila nilijificha kwenye ukungu ili nisijue. Kitambulisho chako kilikuwa hakijatoka, na wewe ulikuwa unataka kwenda kutafuta kazi. Ungeniomba tu, ningekupa.

Lakini si hilo lililonikalisha. Ni tarehe. Ulikamatwa Ijumaa. Jumamosi yake tulimzika Mama.

Unajua yaliyosemwa siku ile? Sijui kama kuna mtu aliwahi kukuambia. Tulikungoja hadi mchungaji akasema mvua inakuja. Shangazi walisema umepata maisha yako, umetusahau. Baba alisema tuanze. Tangu jioni ile jina lako halikutajwa tena nyumbani Kesses, na wewe hukuja kulidai. Miaka yote hii nimeamini kwamba ulijua, ukakataa kuja.

Nikamwomba Jepchumba anisomee ulichoiba. Akasoma: viatu vyeusi vya kike, jozi moja, na kitambaa cheusi cha kichwa.

Ulikuwa unakuja, Selpha. Hukutaka kusimama mbele ya watu wa kwetu na ndara miguuni. Ulikuwa njiani.

Jepchumba aliniuliza kama namfahamu mwanamke huyu. Nikasema ndiyo, ni mdogo wangu, alikuwa anakuja kumzika mama yetu. Hakunificha: kutumia jina la mtu ni kosa pia, lakini mlalamishi ni mimi. Nikamwambia sina malalamiko. Cheti changu kimetoka safi. Ile kesi bado iko kwa jina langu, na itabaki hivyo hadi mwenyewe aende kueleza, kwa hiyo Madam amenihamishia mlangoni kupokea wageni na simu. Sikuombi uje kwa ajili hiyo. Nimezoea pale mlangoni, kuna jua asubuhi.

Juzi nilienda Kesses kumwambia Baba. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama nyuma yake, nikiogopa, na yeye akaendelea kukamua hadi nilipofika kwenye viatu. Hapo mikono ilisimama. Hakugeuka. Akauliza, "Vilikuwa vinamtosha?"

Sikumwelewa. Akarudia, "Hivyo viatu. Vilikuwa vinamtosha?"

Nilimwambia sijui, nitakuuliza. Akasema, basi muulize. Ndiyo sababu hasa ya barua hii. Ukitaka, mjibu mwenyewe. Nimekuandikia namba yake nyuma ya karatasi hii. Hapokei namba asizozijua, lakini ameniambia siku hizi atakuwa anapokea.

Nisalimie wote unaoishi nao huko, wakubwa kwa wadogo, na kama kuna mtoto ambaye sijaelezwa, mbusu kwa niaba yangu kwanza, halafu umwambie mimi ni nani. Jikinge na baridi. Huku mahindi yamefika kimo cha mtu, na mlango wa jikoni bado unafungwa kwa ile kamba uliyoifunga wewe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Linah Nangila