Wa Kunisemea

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mradi wa visima umefungwa. Dakika kumi tu! Meneja kasoma barua ya wafadhili kwenye simu, katupa pole, katoka. Martin dereva kauliza gari litabaki kwa nani. Wengine wamelia. Mimi nimerudi nyumbani nikashusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati: vyeti, nakala zenye mihuri, wasifu ninaouandika upya kila Januari. Na daftari. Miaka kumi na minne, kila mgeni aliyefika ofisini kwetu — jina, namba, alifuata nini, alichekeshwa na nini. Walikuwa wananicheka. Mama Spès anaandikisha wageni kama mwenyekiti wa mtaa! Kesho tuone.

Jumanne, 4 Februari

Nimetuma ujumbe kumi na moja kwa watu wa daftarini kabla ya chai. Hakuna hata mmoja unaosema naomba kazi. Nimeandika: niko huru tangu jana, najua kupatanisha mkulima na mfugaji kwenye kisima kimoja, unamjua anayemhitaji mtu kama huyo?

Dakika arobaini — Emelyne kajibu. Kazi yake ni kutafutia makampuni wafanyakazi. Yuko Mwanza, lakini ni mtoto wa Katumba kama mimi. Mwaka 2019 gari lao lilizama kwenye tope Mwamkulu, akalala kwangu, akala maharage yangu sahani mbili. Imo daftarini, hata maharage yamo! Anasema kuna kampuni ya mpunga inafungua kinu huko Mamba. Wanataka mtu wa kusimama kati yao na wakulima na wafugaji. Usaili Ijumaa, kwa video.

Jirani kasikia, kasema ndiyo hayo, kazi siku hizi ni kujuana. Nimemjibu mpaka chai yake ikapoa. Kujuana siyo dhambi. Dhambi ni kujuana na huku kazi huijui!

Ijumaa, 7 Februari

Nimekaa duka la simu Kashaulili, mtandao safi, gauni la kanisani. Sheria ya ardhi, nimejibu. Njia za mifugo, bei ya mpunga shambani — nimejibu mpaka wakaacha kuandika. Halafu yule kijana mwenyekiti wa jopo kauliza: kwa nini tukuchukue wewe?

Nikarekebisha kola ya gauni. Mimi! Niliyepigana na nusu ya halmashauri kwa makala zangu gazetini! Lakini kwetu mtu hajisifu. Hata kwenye posa kijana hafungui mdomo, anasemewa na mtu anayemjua. Mama yangu alikuwa akisema, anayejisifu amekosa majirani. Basi nimewaambia: waulizeni niliofanya nao kazi.

Jioni Emelyne kapiga. Wameandika kwamba sijiamini. Nimekasirika, halafu nimecheka. Kawabembeleza, wamekubali kumpigia mtu mmoja. Nimtaje. Nimemtaja Kija, mwenyekiti wa wafugaji Mwamkulu.

Emelyne anajua kwamba nilimwandika Kija gazetini, alivyogeuza kisima cha kijiji kuwa cha ng'ombe wake. Miaka mitatu hajanisalimia.

"Mama Spès, hakuna mwingine?"

"Wa kunisifu wapo. Anayeijua kazi yangu ni huyo."

Jumapili, 9 Februari

Binti yangu Spès kanuna tangu kanisani. Anasema nimeacha kutafuta kazi, natafuta ubishi, na mshahara wangu ndio unaolisha watu watano. Hakosei.

Nimekwenda kwa Kija hata hivyo. Anayetaka wa kumsemea humpelekea pombe. Kija ni Msabato, kwa hiyo kreti ya soda, nyuma ya bodaboda, tope mpaka magotini. Kaitazama kreti, kanitazama mimi. Kasema nilimchoma gazetini, leo namletea soda za kuzimia moto? Nimemwambia sifuti hata mstari mmoja. Nimekuja kuomba anisemee. Kajibu kwamba wakipiga atasema anachokijua. Basi. Hakufungua hata chupa moja.

Jumatano, 12 Februari

NIMEPATA! Siku tisa! Wenzangu bado wanatafuta picha za paspoti.

Jopo waliyaandika maneno ya Kija, Emelyne kanitumia. Nayanakili hapa yasipotee:

"Huyo mama ni mkorofi. Aliniaibisha gazetini na kwenye mkutano wa kijiji, kwa kosa langu. Mwaka uliofuata alichimbisha kisima mahali pabaya, kikakauka, akasimama kwenye mkutano wa kijiji hichohicho akajiaibisha mwenyewe. Mkitaka wa kuwapamba, huyo siye."

Nimesoma mara nne. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, hakuna kilichowahi kunieleza vizuri hivi. Spès kapika wali na nyama, anaimba jikoni.

Alhamisi, 13 Februari

Mkataba umefika. Mshahara unapita ule wa zamani. Kifungu cha tisa: mfanyakazi hataandika gazetini wala kusema redioni juu ya ardhi, maji au mifugo. Emelyne anasema wanaandikiwa wote hivyo, nisaini tu. Spès anasema nisaini tu.

Nimechukua rula sandukuni. Kifungu cha tisa nimekikata kwa mstari, vingine vyote nimesaini, nikautuma kutoka steshenari saa nane mchana.

Saa kumi na moja simu imeita. Siyo kampuni — Kija! Kanitafuta mwenyewe, baada ya miaka mitatu. Kampuni wameuona mstari wangu, wamempigia tena. Wamemwuliza, tukimnyamazisha huyu mama, atanyamaza?

"Nimewaambia wasubiri kwanza nikuulize," kasema. "Nisije nikawadanganya watu."

Nikamwuliza yeye anaonaje. Kasema anakwenda kukamua, akimaliza atapiga.

Spès kakaa mbele yangu. Simu iko kando ya daftari. Ng'ombe wa Kija ni wengi, muda ninao.

Rula sijairudisha sandukuni.